Dereva Aliyetumia Mafuta Kidogo Mno

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ameendesha magari kwa miaka thelathini na moja na hajawahi kugonga hata kuku. Nalisema hilo mwanzo kabisa kwa sababu mwaka jana jina lake lilibandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kazini kwake likiwa na neno "tuhuma" pembeni, na waliolisoma pale ubaoni ni wengi.

Mume wangu alikuwa mkaguzi wa shule. Baba yao alikuwa karani wa mahakama, mtu aliyepiga pasi hata leso. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuitwa mbele ya meza kujieleza, na nilipoolewa humo nilikabidhiwa jina hilo nilitunze pamoja na funguo za kabati la vyombo. Shemeji ndiye pekee ambaye hakupenda shule. Ndugu zake walipokuwa wakikariri masomo sebuleni, yeye alikuwa amelala chali chini ya gari la jirani, miguu tu ikionekana. Baba yao alikuwa akimwita "Miguu". Lakini alipopata leseni, mzee huyo huyo hakukubali tena kupanda gari lililoendeshwa na mtu mwingine.

Kazi yake sasa ni kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali na nyumba za wageni. Kiwanda kina magari manne ya mizigo na madereva wanne. Asubuhi wanapeleka mashuka safi, mchana wanarudi na machafu, na kati ya asubuhi na mchana ni foleni. Mji wetu unasogea hatua mbili na kusimama, hatua mbili na kusimama, kama mgonjwa anayejifunza kutembea.

Wenzake wanamwita Nafasi. Jina hilo walimpa kwa sababu kwenye foleni huacha nafasi mbele yake, ya gari moja au mawili, na kila mwenye haraka huchomeka pua yake humo. Kwa madereva wa mjini hiyo ni aibu kubwa kuliko kushindwa mtihani. Wa pili kwa umri pale kiwandani anaitwa Rali, na sina haja ya kueleza kwa nini.

Sasa nieleze utaratibu wa mafuta, maana hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Mita za kilometa za magari yote manne zilikufa siku nyingi na hakuna aliyezitengeneza. Kwa kuwa hawakujua gari limekwenda umbali gani, walipima kazi kwa lita. Kila gari lilipangiwa lita kumi na mbili kwa siku. Jioni dereva alifika kwenye pampu ya kiwanda, akajaza, akatia sahihi. Wale watatu walichukua kumi na mbili zao kila siku, zikihitajika au zisihitajike, na zilizozidi zilikwenda wanakojua wenyewe. Shemeji alijaza tangi hadi mdomoni, akafunga kifuniko. Zilikuwa lita nane, siku nyingine nane na nusu.

Akaja mkuu mpya wa usafirishaji. Alikuwa ametoka idara ya bohari, mtu wa kuhesabu mablanketi, mwaminifu lakini asiyejua gia. Akajumlisha madaftari ya miezi sita. Akaona gari moja linachukua mafuta pungufu kwa theluthi nzima, na mashuka yote yamefika. Akakaa akafikiri, akapata jibu: kama gari linakwenda na mafuta ya kiwanda hayatoshi, basi yapo mafuta yanayoingia kutoka nje. Na mtu wa nje hamjazii dereva tangi kwa mapenzi. Kwa hiyo dereva huyu analikodisha gari la kiwanda, na anayelikodi ndiye anayelinywesha.

Tangazo likabandikwa Jumatatu. Shemeji alitakiwa kufika Jumamosi saa nne asubuhi ajibu kwa nini asifukuzwe kazi. Alikuwa amebakiwa na miaka minne kustaafu.

Sikuambiwa na yeye. Niliambiwa na mkewe, Jumanne, kwa simu, huku akilia. Nikamwita Shemeji nyumbani jioni hiyo hiyo.

"Karibu, Shemeji. Kaa."

"Nimekaa."

"Umekaa ukingoni, kama unasubiri basi. Kaa vizuri."

Akasogea nyuma kidogo. Ni mtu mnene, mikono mikubwa, na ile kofia yake alikuwa ameikunja magotini mpaka imekuwa kama soksi.

"Nani anakujazia mafuta?" nikamuuliza.

"Hata wewe, Shemeji?"

"Mimi nauliza tu."

"Hakuna anayenijazia. Gari halinywi sana."

"Magari ya wenzako yanakunywa lita kumi na mbili. La kwako limefunga saumu?"

Hakucheka. Akasema, "Tangi likijaa limejaa. Nifanye nini, zinazobaki nimwage chini?"

Nimefundisha fizikia miaka ishirini na minane. Hesabu mbili zisipopatana, mwanafunzi mmoja amedanganya au mwingine amekosea. Sijapata kuona njia ya tatu. Na magari yale yalikuwa ya kampuni moja, umri mmoja, injini moja. Sikumwamini. Nilimwambia kwamba kama amefanya, aniambie sasa, tutafute namna ya kuondoka kazini kwa heshima kabla ya Jumamosi, ili jina lisiburuzwe. Aliinuka, akaniaga kwa adabu kama kawaida, akaondoka. Kikombe chake cha chai kilibaki kimejaa.

Nilipokuwa nikikiosha kile kikombe ndipo nilipojiuliza kitu ambacho ningemwuliza mwanafunzi yeyote: umepima?

Jumatano saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa langoni mwa kiwanda, nimevaa viatu vya chini na nimebeba daftari. Mkuu wa usafirishaji alinieleza kwamba ndugu wa madereva hawaruhusiwi kupanda.

"Najua," nikamwambia. "Ndiyo maana nimekuja na barua ya ruhusa. Nimeshaiandika. Imebaki sahihi yako tu."

Akaisoma mara mbili akitafuta kosa. Akatia sahihi.

Shemeji alikuwa nyuma ya gari, amechuchumaa, anapima upepo wa tairi kwa kipimo chake mwenyewe. Aliponiona alisimama haraka.

"Shemeji! Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Napanda na wewe leo."

"Kunichunguza?"

"Ndiyo," nikasema, kwa sababu sijazoea kusema uongo.

Akafikiri, akanifungulia mlango. "Basi funga mkanda. Na daftari usiliweke hapo, litaanguka." Halikuanguka siku nzima, lakini hilo niligundua baadaye.

Kabla hatujaondoka niliona mambo mawili. Magari matatu yalikuwa na keria la chuma juu, la kufungia mafurushi yanapozidi. Lake halikuwa nalo, alikuwa amelifungua na kuliegemeza ukutani, akilipandisha siku lilipohitajika tu. Na nyuma ya viti, ambako wenzake walikuwa wamelundika jeki tatu, ndoo ya mchanga na betri iliyokufa, kwake palikuwa na tairi la spea, jeki moja na ufagio.

Tukaingia barabarani, na baada ya dakika kumi tukaingia foleni.

Sijui niielezeje foleni hiyo kwa mtu ambaye amekaa humo maisha yake yote bila kuitazama. Gari la mbele yetu, teksi nyeupe, liliruka, likafunga breki. Likaruka, likafunga breki. Sisi tulikuwa kwenye gia ya pili, tunajiburuta polepole, na mbele yetu pengo likifunguka na kufungana kama mtu anayepumua. Nyuma walipiga honi. Teksi nyingine ikachomeka pale mbele, dereva akapunga mkono, si kwa shukrani.

"Wanakuingilia!" nikasema.

"Waingie. Wanakwenda wapi, Shemeji? Taa ni ile ile."

"Lakini wamekutangulia."

"Wametangulia kusimama."

Nikaanza kuandika. Kutoka darajani mpaka sokoni ile teksi ya kwanza ilisimama kabisa mara ishirini na tatu. Sisi tulisimama mara tano. Tulifika sokoni tukiwa nyuma yake kwa magari mawili.

Hakuwa anaangalia teksi kabisa. Alikuwa akiangalia basi lililokuwa magari sita mbele, taa zake nyekundu za juu. Zikiwaka tu, yeye tayari ameondoa mguu kwenye mafuta, bado hajagusa breki. Alikuwa akiangalia watu wanaovuka. "Wakianza kukimbia," alinieleza, "taa yao inakwisha. Ya kwetu inakuja. Sasa nikimbilie nini kwenye nyekundu? Naijia taratibu, nikifika imefunguka." Na kweli ilifunguka, tukapita bila kusimama, na gari lililotupita kwa kishindo likawa bado linahangaika kuondoka kwa gia ya kwanza.

Pale kwenye reli, geti lilipofungwa, alizima injini. Alisema treni ile hukaa dakika nne na zaidi. Kwenye foleni ya kawaida hakuzima. Na kwenye mteremko wa hospitali sikumwona hata mara moja akitoa gia ili gari liteleze bure, kama nilivyokuwa nimesikia wajanja wakifanya. Nilimwuliza. "Ukitoa gia gari si lako tena," alisema. "Na halafu kwenye gia, mguu ukiwa juu, injini haiombi kitu. Inasukumwa tu."

Hapo nilifunga daftari, maana nilikuwa nimeshaelewa, na nikaona haya. Ni somo la kidato cha pili. Mafuta yanageuzwa mwendo. Kila ukifunga breki, mwendo ule wote unageuka joto kwenye magurudumu, na joto hilo halimfikishi mtu popote. Dereva wa teksi aliununua mwendo wake mara ishirini na tatu na kuutupa mara ishirini na tatu. Nilikuwa nimewafundisha watoto elfu kadhaa jambo hilo kwa chaki, na mtu aliyelijua kwa mguu nikamwita mwizi sebuleni kwangu.

"Nani alikufundisha?"

Alivuka makutano kwanza. "Unakumbuka nilipokuwa naendesha gari la wagonjwa? Miaka tisa. Mtu aliyevunjika nyonga, ukikanyaga breki analia. Ukiondoka kwa nguvu analia. Kulikuwa na bibi mmoja, mwembamba, nilimchukua tukakuta foleni hii hii. Kila nikisimama ananiomba radhi. Yeye ndiye ananiomba radhi mimi! 'Samahani mwanangu, nakupigia kelele.' Tokea siku ile nikawa natafuta namna ya kutosimama." Akabadili gia. "Mafuta sikuyawaza hata."

"Mbona hukuniambia hivyo jana?"

"Ningesemaje? Naacha nafasi? Jumamosi nikisema naacha nafasi si watacheka mpaka waanguke viti?"

Huko hospitali nilimsikia akibishana na mwanamke wa chumba cha nguo chafu, aliyetaka kumtupia furushi linalochuruzika maji.

"Mama, kamua kwanza. Mimi si gari la maji."

"Kamua wewe, Nafasi, una mikono ya bure!"

"Ya bure? Nimeajiriwa nayo."

Wakakamua wote wawili, wakicheka, kila mmoja upande wake wa shuka. Maji yale yalijaza karai. Nikafungua tena daftari, nikaandika: uzito wa maji hayo nao ni mafuta.

Tuliporudi nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa usafirishaji. Sikumwomba huruma, nilimwomba kipimo. Gari lile lile lijazwe mpaka shingoni mwa tangi. Kifuniko kibandikwe karatasi yenye sahihi yake. Alhamisi aliendeshe Shemeji, Ijumaa aliendeshe Rali, njia moja, mizigo ileile kwa uzito, na yeye mkuu akae mbele siku zote mbili. Jioni lijazwe tena mpaka shingoni na pampu iseme.

"Na kama atakuwa amekosa?" aliniuliza.

"Utanipa mimi ile barua ya kumfukuza, nimpelekee mwenyewe."

Sijui nilipata wapi kifua cha kusema hivyo. Usiku sikulala vizuri.

Alhamisi pampu ilisema lita nane na pointi mbili. Ijumaa ilisema kumi na moja na pointi saba, na hapo Rali alikuwa amevaa adabu zake zote kwa sababu ya mkuu aliyekaa kando yake. Saa zao za kurudi kiwandani, kila mmoja siku yake, zilipishana kwa dakika sita tu. Niliambiwa mkuu alishuka Ijumaa ameshika tumbo, akaomba maji.

Jumamosi saa nne tulikaa ofisini kwake. Chumba chenyewe ni kidogo, dirisha linatazama karakana, na mvuke wa mashine za kupigia pasi huingia kila mlango ukifunguliwa. Mimi nilipewa kiti. Madereva wengine watatu walisimama ukutani. Shemeji alisimama katikati na kofia yake.

Mkuu alisoma lita kwa sauti, halafu akakiri kosa lake bila kuzungukazunguka. Kwa hilo nampa heshima yake mpaka leo. Akasema tuhuma imefutwa. Akasema Jumatatu atabandika barua ya kuomba radhi ubaoni, yenye vipimo vyote, mwenye kiwanda na wafanyakazi wote waisome. Na kuanzia siku hiyo kila gari litapewa lita nane na nusu.

Nilihisi mgongo wangu unanyooka wenyewe. Barua ubaoni, yenye vipimo! Nilikuwa nimeshaanza kufikiria ni nani nimpigie simu kwanza.

"Kwa hiyo Nafasi ametuuza," Rali akasema pale ukutani. Hakupaza sauti. Mwenzake aliyekuwa kando, kijana mwenye mapacha wa mwaka mmoja, alikuwa anatazama sakafu.

Shemeji akageuka kwa mkuu. "Naomba kusema."

"Sema."

"Hizo lita nane si za gari. Ni za mguu wangu. Hawa ukiwapa nane Jumatatu, Jumatano watazimikiwa mlimani hospitali na mashuka nyuma. Wagonjwa watalala kwenye magodoro matupu. Nipe miezi miwili. Kila mmoja apande na mimi, halafu mimi nipande naye. Ndipo upunguze."

Mkuu alikuna kidevu. "Miezi miwili naweza. Lakini barua nikibandika na vipimo vyake, mwenye kiwanda ataisoma Jumatatu asubuhi. Ataniuliza lita tatu na nusu za kila gari, kila siku, miaka yote hiyo, zilikuwa zinakwenda wapi. Hapo sitakuwa na miezi miwili ya kumpa mtu. Nitakuwa na barua tatu za kufukuza watu."

Tulisikia mashine ikizunguka huko nje.

"Basi usibandike," Shemeji akasema. "Toa ile ya kwanza tu."

Nikasimama. "Haitolewi kimyakimya! Walioisoma wameisoma. Mtu ametukanwa hadharani, ajibiwe hadharani. Jina hili si la kwako peke yako, Shemeji. Lina wenyewe, wengine wako kaburini."

Nilikuwa na mengi zaidi, na yalikuwa ya haki yote. Yeye alinitazama tu. Akasema, "Shemeji, naomba."

Katika miaka yote niliyomjua hajawahi kuniomba kitu, hata mume wangu alipofariki na yeye akabeba mambo yote mabegani mwake. Niliwatazama wale watatu. Yule mwenye mapacha alikuwa ameinua uso. Nikaketi.

Barua iliandikwa, ikaingia kwenye faili, na nakala nikapewa mimi. Tangazo la kwanza lilitolewa siku hiyo hiyo. Zikabaki pini nne. Bado wapo watu mtaani wanaoamini kwamba dereva wa mashuka aliponea chupuchupu. Nikiwasikia nawasahihisha, mmoja mmoja, na nina muda.

Tulipotoka nilitaka twende nyumbani. Nilikuwa na neno la kumwambia, la kuomba radhi, nililokuwa nimelipanga tangu Jumatano. Lakini Rali alitufuata mpaka uwanjani, akasimama mbele yetu mikono mifukoni.

"Umetukatia lita zetu, Nafasi."

"Miezi miwili bado. Jumatatu saa moja uje upande kwangu."

"Mimi? Kiti cha abiria?"

"Ndiyo. Kinakaa vizuri, muulize Mwalimu hapa."

"Shikamoo, Mwalimu," Rali akasema, akikumbuka kwamba nipo.

"Marahaba. Na mkanda utafunga," nikamwambia.

Aliguna. Akapiga teke kokoto, akaangalia lango, akaangalia magari. Ilionekana anataka kuondoka na miguu inakataa. "Ule mlima wa hospitali," akasema hatimaye, "ukiwa na mzigo na foleni imefika mpaka chini. Unaupandaje bila kuunguza klachi?"

Shemeji akavaa kofia. Akachuchumaa palepale kwenye vumbi, akachora mlima kwa kidole, akachora basi, akachora lori, akaacha pengo. Rali naye akachuchumaa. "Sasa hapa wewe unafanya nini?" Shemeji akamuuliza. "Naingia," Rali akasema. "Ndipo unapokosea," Shemeji akasema, na wale wengine wawili waliokuwa wamejifanya wanafunga milango ya magari wakasogea.

Nikatafuta kivuli cha ukuta, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Walichukua karibu saa nzima.